Alama ya Njano Kwenye Puli

Injini ya rota ya kwanza kuingia bandani kwangu hapa Malindi niliiua mimi mwenyewe, na niliiua kwa kusahihisha kosa. Ni miaka kadhaa sasa. Mwenye gari bado tunanywa kahawa pamoja, na injini yenyewe ilifungwa upya, inatembea. Lakini kila nikimwona kijana ameweka laptopu mapajani anabadilisha namba za taimingi, yaani wakati wa cheche kupiga, na taa ya kuikagulia hajaishika, moyo hunienda mbio. Ndiyo sababu nimeona niyaandike haya.

Mimi ni fundi wa umeme. Nilianza na mashine za boti pale ufukweni, ambako chumvi haimngoji mtu ajifunze: waya ukiuacha wazi wiki hii, wiki ijayo umeshageuka kijani. Nilipohamia kwenye magari nilikuja na tabia ya kukagua waya kabla ya kitu chochote, na imenifaa sana. Tabia ya kukagua alama sikuja nayo. Hiyo niliinunua, na bei yake nitaieleza.

Mwenye gari ni mzee wa Shela, hapa hapa mjini, aliyefanya kazi Nairobi sehemu kubwa ya umri wake. Alipostaafu aliteremka pwani na Mazda RX-7 ya kizazi cha pili, yenye turbo, injini ya 13B. Mapenzi yake yana chanzo: mwaka 1991 gari la Mazda la rota nne, 787B, lilishinda mbio za saa 24 za Le Mans, na tangu siku hiyo hakutamani gari jingine. Kompyuta ya kiwandani ilikuwa imeng'olewa zamani. Fundi mmoja huko Nairobi alimwekea nyingine, ya zile zinazokuja tupu ukazijaza mwenyewe kwa laptopu: petroli kiasi gani, cheche ipige lini, kwa kila mzunguko na kila shinikizo.

Aliniletea kwa jambo lililoonekana dogo. "Fundi, ikishachanganya inakwenda vizuri sana," aliniambia, "lakini kule chini ni nzito, na eksosi inapata moto mpaka naogopa kuegesha kwenye majani makavu."

Kwa asiyeijua injini hii: ndani hamna pistoni. Kuna rota mbili zenye pembe tatu, kila moja inazunguka ndani ya hausingi yenye kiuno, mfano wa ganda la njugu. Kila chumba ni cc 654, ndiyo maana injini nzima huandikwa cc 1308. Rota ikizunguka mara moja, shafti huwa imezunguka mara tatu, na katika kila mzunguko wa shafti kila rota huwaka mara moja. Kwenye kila pembe ya rota kuna sili, kijiti cha chuma chenye unene wa milimita 2 tu. Kijiti hicho ndicho kinachozuia moto wa chumba hiki usiingie chumba kile. Kikivunjika, ni kuifungua injini yote.

Chumba kinapobanwa huwa kirefu na chembamba, na cheche moja haiwahi kukiwasha chote. Kwa hiyo kila rota ina plagi mbili, ya chini na ya juu. Ya chini hupiga kwanza, ya juu hufuata. Tundu la plagi ya juu limetobolewa dogo makusudi, maana sili inapolipita, tundu kubwa lingevujisha gesi kutoka chumba kimoja kwenda kingine. Kati ya cheche ya kwanza na ya pili pana pengo la digrii kadhaa, na pengo hilo nalo lina jedwali lake kwenye kompyuta. Fundi aliyezoea magari ya pistoni ana namba moja ya kufikiria. Hapa ni mbili, na zote mbili zinategemea kitu kimoja: kompyuta iwe inajua kweli shafti iko wapi.

Nayo haiwezi kulijua hilo yenyewe. Kwenye RX-7 hii kuna sensa inayoendeshwa na gia kutoka kwenye shafti, ndani yake magurudumu mawili, moja la meno 24 na jingine la meno 2. Kompyuta inahesabu meno. Kutoka kwenye jino hadi topu, yaani pale chumba kinapobanwa kikafika mwisho, ni digrii ngapi? Hilo unaliambia wewe. Ukiikosea digrii 10, itakosea digrii 10 kwenye kila mstari wa jedwali, na skrini itaendelea kukuonyesha namba safi. Njia ya kuikagua ni moja: ifunge taimingi kwenye namba moja isiyobadilika, bana taa kwenye waya wa plagi, nayo itamulika kila cheche inapopiga, mulika puli, lile gurudumu la mbele ya shafti, uone.

Sasa hiyo puli. Ina mikato miwili, na kwenye kifuniko cha mbele cha injini kuna pini. Mkato wa njano ni wa plagi za chini, mwekundu ni wa plagi za juu. Mtu aliyetoka kwenye pistoni akiuona mkato wa kwanza huamini ni topu, au ni digrii chache kabla ya topu, kwa sababu magari mengi yamechorwa hivyo. Kwenye injini hii njano ni digrii 5 baada ya topu, na nyekundu ni digrii 20 baada ya topu. Topu yenyewe haikuchorwa. Waliochora walitaka cheche zichelewe injini inaponguruma bila kukanyagwa, basi wakaweka alama pale pale cheche zinapotakiwa wakati huo, na pengo la digrii 15 katikati.

Hayo nilikuwa nayajua. Nilikuwa nimeyasoma usiku kucha kabla ya kuligusa gari. Nikafunga taimingi kwenye hasi 5, yaani digrii 5 baada ya topu, nikabana taa kwenye plagi ya chini ya rota ya mbele, nikamulika. Mkato wa njano ulikuwa umeshaipita pini, umechelewa kama digrii 10. Nikaona nimeupata ugonjwa: cheche inachelewa, moto unamalizikia kwenye eksosi, ndiyo maana kuna joto na uzito. Nikairekebisha namba ya msingi, ile ya kutoka kwenye jino hadi topu, hadi njano ikatulia juu ya pini kana kwamba imegandishwa. Nikahifadhi, nikafunga boneti.

Majedwali sikuyafungua hata kuyatazama.

Injini ilibadilika pale pale. Iliwaka kwa mguso mmoja wa ufunguo, sauti ikatulia, eksosi ikapoa. Mzee alisimama mlangoni mwa banda, mikono nyuma, anaisikiliza kama mtu anayesikiliza kisomo cha mwanawe. Nami nikaamini kazi imekwisha.

Kesho yake baada ya sala ya alfajiri tukatoka kuijaribu, mimi kwenye usukani, mpwa wangu kando na laptopu. Tukavuka daraja la Sabaki, tukashika njia ya Mambrui, barabara tupu. Gia ya tatu, mizunguko 3,000, nikakanyaga mafuta hadi chini. Turbo ikajaa. Mpwa wangu akawa ananisomea shinikizo kwa sauti, kwa kilopaskali: "Mia na ishirini. Mia na arobaini. Mia na hamsini, mjomba." Kipima mchanganyiko kilikuwa kwenye 11, yaani hewa sehemu 11 kwa petroli sehemu moja, petroli ya kutosha kabisa, kwa hiyo upande huo sina la kusingizia. Ndipo nikasikia mlio mmoja mdogo, kama punje ya kokoto iliyorushwa kwenye bati. Mmoja tu. Sijauinua mguu, gari limeshalegea.

Niliyoyazoea kwenye pistoni ni kwamba injini ikianza kugonga, yaani petroli kujilipukia ovyo, inakupa nafasi. Unasikia kelele mlimani, unapunguza mafuta, jioni unarudisha taimingi nyuma kidogo, maisha yanaendelea. Rota haikupi nafasi hiyo. Ikigonga mara moja kwa nguvu turbo ikiwa imejaa, sili imekatika.

Tulivutwa na pikapu hadi mjini. Nilitoa fyuzi ya pampu ya petroli, nikafungua plagi za chini, nikamwambia mpwa wangu aizungushe kwa starta. Rota nzima hupumua mapigo matatu yaliyolingana: pu, pu, pu. Ya mbele ilipumua hivyo. Ya nyuma ilitoa pu moja, kisha fss, fss, kisha pu nyingine. Kila sili iko mpakani mwa vyumba viwili, kwa hiyo ikivunjika moja, vyumba viwili hukosa pumzi na kimoja hubaki kizima. Mpwa wangu aliteremka, akaweka kiganja kwenye tundu nikiizungusha mimi, akahesabu kwa midomo. Akanitazama. Hakusema kitu, na mimi sikuwa na la kumwambia.

Usiku ule ndipo nilipofanya kazi niliyopaswa kuifanya siku ya kwanza. Nilifungua faili ya zamani, kama ilivyotoka Nairobi, nikaiweka kando ya faili yangu. Namba ya msingi ya fundi yule na yangu zilipishana digrii 10 kamili. Kumi kamili haitokei kwa bahati. Yule mwenzangu aliifunga taimingi kwenye 5 kabla ya topu, akausogeza mkato wa njano hadi kwenye pini, na njano ni 5 baada ya topu. Basi tangu siku ile kila namba ya kwenye skrini ilikuwa na digrii 10 zaidi ya ukweli.

Halafu akakaa kulitengeneza jedwali. Injini ikamwambia ni nzito, naye akaongeza namba, yaani akaiwahisha cheche. Ikamwambia bado, akaongeza. Kule kwenye turbo aliiongeza mpaka ikapendeza: skrini inasoma 24, shafti inapata 14. Na 14 ni namba ya busara kwa injini ile. Mkono wake na sikio lake vilikuwa vimeishafidia kosa lake bila yeye kujua. Kule chini, kwenye mwendo wa polepole, hakuhangaika napo, ndiyo maana mzee alilalamikia joto na uzito wa chini tu. Mimi nikaja nikaondoa kosa nikaacha fidia. Asubuhi ile kwenye barabara ya Mambrui shafti ilipata 24 kweli.

Nililiweka wazo hilo kila upande nikitafuta mahali pa kujitoa. Sikupata. Fundi wa Nairobi alikosea, na gari lake lilitembea miaka. Mimi sikukosea hata digrii moja kwenye taa, na gari lilikufa siku ya pili.

Asubuhi nilikwenda Shela kwa miguu, sikutaka kumwambia mzee kwenye simu. Nilimweleza yote, namba kwa namba. Alinyamaza kitambo, akaniuliza swali moja: "Sasa umeshajua ni kwa nini?" Nikamwambia ndiyo, mzee, najua. "Basi ifunge wewe." Kazi ya mikono niliitoa bure na sili nilizinunua mimi. Hausingi ya nyuma ilikuwa na mchirizi uliokula kromu ndani yake, haikufaa tena, tukaagiza nyingine Japani. Ilichukua wiki nyingi, na mzee alikuwa akipita kila Ijumaa kuuliza hali kama anayemuuliza mgonjwa.

Tulipoifunga upya nilitaka alama zangu mwenyewe. Nilijitungia njia, nayo naisema kwa sababu haihitaji kifaa chochote. Kutoka njano hadi nyekundu ni digrii 15. Nilikata ukanda wa karatasi nikaupima juu ya puli, kutoka mkato huu hadi ule, nikaukata sawasawa hapo. Kisha nikaukunja sehemu tatu zilizo sawa. Kila kunjo ni digrii 5. Nikaanzia njano, nikaenda upande ule ambao puli inazungukia, mbali na nyekundu: kunjo moja, hiyo ndiyo topu. Nikaipaka rangi nyeupe kwa ncha ya kijiti cha kiberiti. Makunjo mawili zaidi, digrii 10 kabla ya topu. Mawili mengine, 20. Mpwa wangu alipaka ya 20 yeye mwenyewe, mkono umetulia kuliko wangu. Kabla ya yote hayo nilihakikisha puli ile ndiyo iliyozaliwa na injini ile, maana puli ya injini nyingine ina uongo wake.

Taa niliyotumia ni ya bei rahisi, haina kitufe cha digrii, nami naipenda hivyo. Kwenye RX-7 ya kizazi hiki koili moja hupigia plagi zote mbili za chini kwa pamoja, kwa hiyo taa humulika mara mbili kwa kila mzunguko wa shafti. Taa yenye kitufe, ile inayohesabu cheche ili ikufanyie hesabu, huchanganyikiwa hapo ikasoma vitu vya ajabu. Ukiwa nayo, iache kwenye sifuri, ukaangalie alama zako. Plagi za juu zina koili zake, kila moja na yake, na lazima nazo zimulikwe. Waya zake zikipishana, injini itawaka kwa plagi za chini, lakini zile za juu zitakuwa zinapiga nusu mzunguko nje ya wakati.

Nikafunga taimingi kwenye 10. Alama ya 10 ikasimama. Nikaifunga kwenye 20, ikasimama ya 20. Kwa kawaida ya zamani ningehifadhi hapo. Safari hii nilimwambia mpwa wangu apandishe mizunguko polepole hadi 4,000 namba ikiwa imefungwa vile vile, na hapo alama ikaanza kuteleza. Kwa 2,000 ilikuwa mahali pake, kwa 3,000 imesogea, kwa 4,000 imehama kabisa. Nilihisi jasho la mgongo.

Lilikuwa kosa langu jingine, na hili la waya, kazi ninayojidai nayo. Wakati wa kufunga nilikuta kiunganishi cha sensa kimeliwa na chumvi, nikakikata nikalehemu kipya, na nikageuza waya mbili za sensa. Sensa ya aina ile hutoa wimbi, upande mmoja wake mkali, upande mwingine umelala. Ukigeuza waya, kompyuta inashika upande uliolala, na mahali inapoushika huhama kila mizunguko ikipanda. Injini inawaka vizuri, inatulia vizuri, taa inakubali ikiwa chini, halafu juu inakosea. Nikazigeuza, nikarekebisha namba ya msingi upya, tukapandisha tena hadi 4,000. Rangi nyeupe ilikaa chini ya pini haitikisiki, kama imepakwa kwenye ukuta.

Kisha nikaingia kwenye jedwali, safu kwa safu, nikaondoa zile 10 zote za turbo, na kule chini nikarudisha namba kwa mujibu wa injini yenyewe.

Kulikuwa na jambo jingine lililokuwa limejificha chini ya hili, nalo ni la sisi watu wa pwani. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na hewa yake ina shinikizo la kilopaskali 83 hivi. Malindi ni 101. Turbo ya gari lile, springi yake huachia ikishaongeza kama 50 juu ya hewa iliyopo. Kwa hiyo Nairobi mwisho wake ulikuwa 133. Hapa unafika 151. Safu za 140 na 150 kwenye jedwali fundi wa Nairobi hakuwahi kuzifikia hata siku moja, alizijaza tu kwa kunakili ya 130. Siku ile mpwa wangu aliposoma mia na hamsini, tulikuwa tumeingia chumba ambacho hakuna aliyewahi kukiwasha taa, tena mwezi wa Februari, msimu wa kaskazi, hewa ya moto inaingia injini. Gari lolote la turbo linaloshuka kutoka bara na kompyuta ya namna hii, mimi sasa hulipunguzia taimingi kwenye safu zote za juu ya ile ya mwisho iliyotumika huko, kabla halijavuka hata geti la banda.

Safu ya 150 ya mzee niliiacha kwenye 11, pengo la plagi za juu 12. Ni kidogo, najua, na yeye anajua. Ndani ya boneti niliandika kwa rangi: njano hasi 5, nyekundu hasi 20, nyeupe sifuri, 10 na 20, na namba ya msingi chini yake, ili atakayelifungua baada yangu aone nilichokuta na nilichokiacha. Mzee huniuliza mara kwa mara kama hatuwezi kuongeza digrii moja au mbili. Nimemwambia tungoje kusi ianze kuvuma hewa ipoe, twende tena asubuhi kule Mambrui, tuongeze moja, tutoe plagi tuzitazame kwenye jua, ndipo tuzungumze juu ya ya pili.